Kifungo cha Tatu

Tiketi ni bei ya nusu kilo ya sukari.
Wazee bure, alisema Eulogia Zaracho mlangoni,
na mama akalipa hata hivyo,
sarafu moja moja juu ya meza:
"Sitaki cha bure katika nyumba hii."

Nyumba yenyewe ndogo kuliko nilivyodhani.
Mchungwa uani, kisima kilichofunikwa bati,
udongo mwekundu wa Paragwai
uliotufuata kwa viatu hadi sebuleni.
Hapa Jemadari alizaliwa, hapa alitambaa,
hapa beseni, hapa kitanda,
hapa meno yake ya bandia ndani ya kioo
yakimchekea kila mlipa kiingilio.

Eulogia huongoza kama anayesali rozari.
"Barabara mliyokuja nayo ni yake.
Maji ya bomba ni yake.
Babu yangu alipewa hati ya shamba kwa mkono huu,"
akaonyesha glavu nyeupe, tupu.
Sikumbishia. Herufi A niliisoma chini ya picha yake,
iliyotundikwa juu kidogo ya msalaba.

Mama hakuwa akisikiliza.
Alikuwa amesimama mbele ya shati.

Shati la gwaride, jeupe, kola ngumu,
na kibao: Limeshonwa Paris.
Alivaa miwani. Akaivua,
akaipangusa kwa sketi, akaivaa tena.
"Paris," alisema,
"ilikuwa na madirisha mawili ya nondo
na cherehani kumi na moja.
Huko Paris tuliamshwa saa kumi alfajiri
kwa rungu juu ya mlango wa bati."

Nyumbani miaka ile minne tuliiita
"mama alipokwenda kwa shangazi."
Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita
nikiisikia kwa jina lake,
na hakuniambia mimi, alimwambia Eulogia:

"Kigeuze kifungo cha tatu.
Chini yake pana uzi mwekundu.
Ramona aliweka unywele, mimi uzi,
kila mmoja alichokuwa nacho.
Kila kifungo chake kilibeba kifungo chetu."

"Bibi, vitu haviguswi."
Lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye funguo kiunoni.
Alitaka kumshinda, nadhani. Kumnyamazisha.
Kabati likafunguka, likatoa harufu ya dawa ya nondo,
na mama, aliyezijua nondo za aina nyingine,
akarudi nyuma hatua moja.

Eulogia akakigeuza.

Ulikuwepo.
Umepauka, rangi ya ufizi,
lakini ulikuwepo.

Nilingoja mama alie. Leso nilikuwa nayo tayari.
Yeye akainama kwenye tundu la nne,
akacheka mpaka akashika ukuta.
"Hili la Digna! Hakuwahi kujua kushona tundu, maskini.
Tulimwambia, wewe Digna,
Jemadari atatokwa na kitovu mbele ya mabalozi!"

Halafu akaliziba tundu kwa kidole,
akakiacha pale, muda mrefu.
Sikuuliza Digna yuko wapi.

"Nani hulipiga pasi?"
"Mimi," alisema Eulogia. "Kila Ijumaa. Mwaka wa kumi na tisa sasa."
"Pasi yako ya moto mno. Kitambaa hiki
kinataka maji kwanza."
Na Eulogia, mjukuu wa hati ya shamba,
akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Watoto wa shule walikuwa wamejaa mlangoni,
soksi nyeupe, mikate ya jibini mikononi.
Kabati likafungwa. Tukatoka kupitia uani,
na dirishani nikasikia rozari ikianza upya:
barabara, maji, glavu.
Kisha: "Shati hili la Jemadari limeshonwa..."

Funguo zikalia kidogo.

"...limeshonwa kwa mkono."

Mkono wa nani, akauliza mtoto mmoja.

Sikusikia jibu. Mama alishaanza kwenda kituoni,
akilalamikia jua, akilalamikia viatu,
akiniambia nitembee, basi halitungoji sisi.